Mbuzi Hakuigiza

Mimi nakodisha nguo za ruracio. Duka langu liko Thika, ghorofa ya pili, juu ya mtu anayeuza dawa za mifugo, na harufu ya hizo dawa hupanda na ngazi mpaka wateja wananiuliza kama nimefuga ng'ombe humu ndani. Nina mavazi ya rangi ya udongo yenye shanga, nina viondo, vibuyu, na viti vya miguu mitatu vya kukalia wazee. Mtu akitaka siku ya mahari ya binti yake ifanane na za zamani, anakuja kwangu. Nimevalisha wasichana wengi sana. Najua kufunga kilemba kwenye kichwa kinachotetemeka, na najua kumwambia shangazi mwenye maneno mengi akae kando kidogo, aki tafadhali, tumalize.

Kitu ambacho wateja wangu hawakujua ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimekatiwa kiande. Kwetu sisi Wakikuyu, ruracio, yaani kulipa mahari, inaweza kwenda miaka, watu waende na warudi, lakini siku ya mwisho, ile ngurario, mwanamume anakata bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili na kumpa mwanamke. Hilo bega ndilo kiande. Mwanamke akila, ameolewa. Kabla ya hapo mnakaa tu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa tu kwa miaka kumi na tisa, Mwihoko, nyumba ya kupanga, watoto wawili. Mwanzoni hatukuwa na uwezo. Halafu akaja mtoto wa kwanza, halafu wa pili, halafu baba yangu akaugua, halafu tukaacha kabisa kuongea hayo mambo. Watu waliniita bibi yake na mimi niliitika. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba asubuhi yoyote mmoja wetu angeweza kufunga begi akaenda, na hakuna mzee ambaye angekuwa na haki ya kumuuliza.

Ndiyo sababu nilimdanganya kuhusu ile muvi. Niliogopa ataondoka.

Ilianza na kijana mmoja kutoka Kahawa Sukari aliyekuja dukani kukodi nguo. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mpole sana hadi uanze kuongea naye habari ya filamu. Hapo huwezi kumnyamazisha. Alikuwa anatengeneza muvi ya mume na mke waliooana wakiwa watu wazima, na yeye ndiye alikuwa dairekta. Siku moja alirudi dukani akiwa amenyong'onyea. Mwanamke aliyekuwa aigize mke alikuwa amejitoa, kwa sababu kwenye skripti kulikuwa na kitanda na mchungaji wake alikuwa amemwambia achague. Kijana akakaa kwenye kiti cha wazee, akaniangalia nikiwa na pini mdomoni, akasema, "Mama, wewe una uso wa mke."

Nilicheka mpaka nikatoa pini nisizimeze. Uso wa mke! Mimi?

Sina sababu nzuri ya kueleza kwa nini nilikubali. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu kipya kwa muda mrefu. Nilimwambia mume wangu kwamba nitakuwa nikivalisha watu, na pengine nionekane kidogo kwa nyuma. Yeye ni fundi wa mageti, siku nzima anachomelea vyuma, akija nyumbani masikio bado yanalia. Alisema sawa, mradi chakula kipatikane.

Katika sehemu zangu, kitanda tulikifanya kwanza. Ilikuwa mchana, Kahawa Sukari, nyumba ya shangazi ya dairekta, mapazia mazito yamefungwa ili ionekane usiku. Mwanamume niliyepangiwa alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Juja, mtu na bibi yake, mpenda uigizaji tangu akiwa shule. Alikuwa anatafuna peremende moja baada ya nyingine. Tulikaa kila mmoja pembeni pake pa kitanda kama watu wanaongoja daktari.

Dairekta akaanza. Akasema kuna nchi ambako waigizaji hawajifanyi, wanafanya chenyewe mbele ya kamera, kwa sababu mtu akijifanya, kamera inajua. Akasema huo ndio uhalisia. "Mimi siwalazimishi," akasema, akipangusa miwani. "Nasema tu, mngeacha mambo yaende yanakoenda."

Nilihisi hasira ikipanda, si hasira ya kupiga kelele, ile nyingine ya kumwangalia mtu.

"Jana ulimpiga yule jamaa risasi kwa geti," nikamwambia. "Alikufa?"

"La, hapana."

"Na watu wataamini amekufa?"

"Wataamini."

"Basi na hapa wataamini."

Akafikiri. Huyo kijana ana jambo moja zuri, ukimjibu anafikiri kweli. "Kifo nikikifanya cha kweli, mtu anaumia," akasema. "Hii hakuna anayeumia."

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana unasema hakuna anayeumia."

Mwalimu alicheka mpaka peremende ikamponyoka, na baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Nilivaa kaptula ya kubana na fulana, yeye naye vivyo hivyo, katikati yetu mto, juu yetu blanketi. Msichana mmoja wa chuo aliyekuwa ameshika maikrofoni kwenye mti mrefu ndiye alikuwa akituhesabia kwa mkono wakati wa kupumua na wakati wa kusogeza bega. Kabla ya kamera kuwashwa mwalimu aliniambia sikioni, "Dada, nikikukanyaga unisamehe." Nje mtu alipita akiuza mboga kwa spika, tukasimamisha. Akarudi, tukasimamisha tena. Nikiulizwa leo mapenzi ya kwenye sinema ni nini, nitasema ni maumivu ya mgongo na njaa. Saa kumi tulipomaliza nilikula chapati tano.

Wakati wa kula yule msichana wa maikrofoni aliniambia kwamba chuoni wanasomeshwa kuhusu mambo haya. Kuna wataalamu wanaosema zamani picha ilikuwa inaiga maisha, lakini sasa picha zimekuwa nyingi hivi kwamba maisha ndiyo yanaiga picha, na mwisho huwezi kujua kipi kilitangulia. Alisema polepole, akidhani ni jambo gumu kwangu. Nikamwambia mimi hilo naliona kila Jumamosi. Nimeona mpiga video, huko Kamakis, akimwambia mama wa bibi harusi alie tena kwa sababu mara ya kwanza betri ilikuwa imeisha, na mama akalia. Nimeona msichana aliyemwomba baba yake akatae posa kwanza, halafu akubali, kwa sababu aliona hivyo kwa simu na ilipendeza. Yule baba alikataa vizuri mno mpaka wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Msichana wa chuo akatoa daftari akaandika. Nilijisikia profesa siku hiyo.

Nilidhani sehemu ngumu imeisha. Kumbe.

Dairekta hakuwa ameridhika na kitanda. Kwa vile tulimnyima ukweli pale, aliamua kuutafuta kwenye ngurario. Wiki iliyofuata alitupeleka kwenye boma moja upande wa Ruiru. Nilipofika na mifuko yangu ya nguo nikakuta wazee wanne wameketi, wazee kamili, si waigizaji, na fimbo zao na makoti yao. Mmoja alikuwa anapimapima kisu kwa kidole. Na mbuzi alikuwa amefungwa hapo kando, beberu mzuri, anakula maganda.

Mzee wa kisu aliuliza, "Hii ni ya kweli au mnacheza?"

Dairekta, ambaye amekulia Kahawa Sukari na hajawahi kukaa na wazee kwa jambo kama hilo, akasema, "Wazee, nyinyi fanyeni kama mnavyofanya siku zote."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Ukimwambia mwigizaji afanye kama kweli, anajua neno "kama". Mzee hajui. Kwake, mbuzi akichinjwa amechinjwa, na maneno yakisemwa yamesemwa. Walifanya yote kwa mpango wake, bila haraka. Walibariki. Nyama ikachomwa. Kiande kikaletwa kwenye majani, na mwalimu akakata. Dairekta akaomba arudie kwa sababu kivuli cha mtu kilipita. Mzee alimwangalia tu. "Kiande hakikatwi mara mbili," akasema.

Mwalimu akaniletea kile kipande mdomoni. Nikala.

Na nikaanza kulia. Sikuwa nimepanga, na kwenye skripti haikuwepo. Nilikuwa nimesimama pembeni ya ngurario za watu miaka mingi nikiwa na pini na uzi, nikiwaambia wasichana wasilie wataharibu rangi za macho. Sasa mtu alikuwa amenikatia mimi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mume wa mtu, anayenuka peremende, na nilikuwa na uchungu sana kwamba ni yeye. Nilimsikia dairekta akinong'ona nyuma ya kamera, "Safi, safi kabisa, hapo hapo." Nilitamani kumrushia kiatu.

Baadaye mzee wa kisu alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Sasa wewe ni bibi ya mtu," akaniambia. "Ukae vizuri." Hakukuwa na mtu aliyecheka.

Miezi ikapita, nikarudi kwa kazi yangu. Halafu binti yetu akaona tangazo kwa simu, na sura yangu hapo kubwa. Akamwonyesha baba yake. "Kumbe mama ni staa!" Mume wangu akaangalia simu, akaniangalia. "Ulisema kwa nyuma," akasema.

"Walinisogeza mbele," nikasema.

Muvi ilionyeshwa Jumamosi mchana, Thika, kwenye ukumbi wa hoteli. Mume wangu alivaa ile koti yake ya harusi na matanga. Njia nzima nilikuwa nikijiambia nitamwambia tukifika Ruiru, halafu nitamwambia tukifika Juja, na nilipomaliza vituo vyote tulikuwa tumeshaketi na taa zimezimwa. Nilishika begi langu kwa mikono miwili. Nilikuwa nahesabu matukio, najua kitanda kinakuja.

Kikaja. Na haki ya nani, yule kijana anajua kazi. Huoni kitu, lakini unaona kila kitu. Mtu nyuma alipiga mluzi. Mama mmoja akasema "Ngai!" akajifunika uso na kuacha nafasi ya jicho. Mimi sikuangalia kioo, nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameinama mbele kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine. Akanigeukia.

"Mbona umevaa soksi?"

"Nini?"

"Mguu umetoka kwa blanketi. Una soksi. Zile zangu za kijivu."

"Sakafu ilikuwa baridi," nikasema.

Akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya, tumbo likitikisika, mpaka akapangusa macho. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Niliona nimepona. Nilijisifu hata, nikasema moyoni, ona mume niliye naye, anajua mchezo ni mchezo.

Kisha likaja lile boma la Ruiru. Wazee wakaonekana, mbuzi akaonekana. Kicheko kikaisha. Mwalimu alipokata na mimi nikafungua mdomo, mume wangu alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye maegesho, amekaa kwenye ukingo wa simiti, koti ameivua.

"Ulikula?" akaniuliza.

"Nilikula."

"Nyama yenyewe?"

"Sasa ningekula nini, karatasi?"

"Wale ni wazee wa kweli. Mmoja nilimtengenezea geti."

Nikajaribu. "Ile ya kitanda—"

"Wacha ya kitanda!" Hakuwa amepaza sauti kwangu hivyo kwa miaka. "Ya kitanda naijua. Nimelala na wewe miaka kumi na tisa, najua ukijifanya. Hii nyingine hukuwa unajifanya. Ulilia."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nililia kwa sababu hakuwa yeye. Nilimwambia sijui kama ningelipata hilo jambo tena kabla sijafa, kwa hivyo nilikula la uongo. Nilisema yote hapo kati ya magari, na mlinzi wa hoteli akajifanya anasoma namba za gari. Mume wangu akavaa tena koti yake. Tulirudi nyumbani, na wiki nzima alikuwa akiamka mapema, anaondoka kabla ya chai. Kila jioni nikifungua mlango nilikuwa naangalia kwanza kama begi lake bado liko juu ya kabati.

Siku ya nane alikuja dukani. Hajawahi kuja dukani. Alisimama katikati ya zile nguo akiwa na mikono ya grisi, anaogopa kugusa kitu.

"Nimeenda kwa baba mkubwa," akasema. "Kumwambia nataka kumaliza mambo kwenu."

Ilibidi niketi.

"Kuna shida kidogo," akasema. Baba yake mkubwa alikuwa ameuliza habari, akasikia ya muvi, na wazee wa upande wao wakakaa wakakataa. Walisema huyu mwanamke ameshakatiwa kiande na mtu mwingine, mbele ya wazee, na amekula. Hawawezi kukata juu ya kilichokatwa. Aliyekata lazima aje aseme mbele yao kwamba hana madai.

Nilicheka na nikalia, sijui kipi kilitangulia. Nikampigia mwalimu simu. Yule mtu ni mstaarabu, Mungu ambariki. Alikuja Mwihoko Jumapili baada ya ibada, amevaa suti, na bibi yake kando yake, mwanamke mnene mchangamfu ambaye alikuwa anauma midomo asicheke. Wazee walimkalisha mwalimu kwenye stuli.

"Ulimkatia huyu?" baba mkubwa akauliza.

"Niliigiza, mzee."

"Kisu kiliigiza?"

"Hapana. Kisu kilikata."

"Mbuzi aliigiza?"

"Hapana, mzee. Mbuzi hakuigiza."

"Basi sema umeachia."

Mwalimu akanitazama, akamtazama mume wangu, akasema kwa sauti ya darasani, "Nimeachia." Bibi yake akasema, "Na mimi nimempokea," na hapo hata wazee wakacheka. Mume wangu alimshika mwalimu mkono kwa muda mrefu. Halafu tukanywa chai.

Dairekta alisikia. Akanipigia, anaomba aje kwenye ngurario yetu na kamera, akasema huo sasa ndio uhalisia alioutafuta tangu mwanzo. Nilimwambia aje, ale, anawe mikono, na kamera aiache Kahawa Sukari. Alikuja bila kamera, na alikaa nyuma kabisa.

Ilikuwa kwa baba yangu, kijiji cha juu ya Thika, watu si wengi. Binti yangu ndiye aliyenifunga kilemba, akakifunga vibaya, nikakiacha hivyo hivyo. Mbuzi wakaletwa, wazee wakaongea, na kabla hawajafika kwenye nyama baba yangu akaomba nitolewe nyumbani niletwe mbele. Baba amezeeka, anasikia kwa sikio moja. Akanigeuzia hilo sikio.

"Hawa watu wamesema wamekuja kwa ajili yako," akasema. "Unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tule vitu vyao, au tusile?"

Kwenye muvi hiyo sehemu haikuwepo. Dairekta aliiruka, alisema inachelewesha. Na mimi nimevalisha wasichana wangapi nikiwa mlangoni, nikisikia baba zao wakiuliza, na sikuwahi kufikiri ni swali. Nilidhani ni desturi tu, maneno ya kupita. Sasa nilikuwa nimesimama hapo na nikaelewa kwamba baba yangu alikuwa ananiuliza kweli, na kwamba nikisema msile, hawatakula. Hao mbuzi watarudi walikotoka. Miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza.

Nikanyamaza. Sikutaka kumuumiza mtu, nilitaka tu kusimama ndani ya hilo swali kidogo. Shangazi mmoja akakohoa. Baba aliendelea kuningoja, sikio lake limeelekezwa kwangu, hana haraka.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amekaa kati ya wazee wake na koti yake ile ile, mikono imebana magoti. Uso ulikuwa umemwisha damu. Huyu mtu ambaye amekula kwa mkono wangu kila jioni, ambaye nilikuwa nikiogopa ataondoka, alikuwa ananiangalia akiwa hajui nitasema nini.

"Kuleni, baba," nikasema.